Hori ya Mida kwa kayaki, Arabuko-Sokoke kwa miguu: hesabu mwezi kwanza

Ukimwona mgeni anatoka Mida na matope hadi mapajani, anaburuta kayaki kwa kamba, jua linazama, ujue aliingia majini kwa saa aliyoipanga yeye. Hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, haiendi kwa saa ya mtu. Na kwa kuwa wengi wanaokuja Watamu wanataka siku moja iwatoshe kwa hori na msitu pamoja, mpango wote unasimama au kuanguka kwa jambo hilo moja.

Hori ya Mida iko Kaunti ya Kilifi, kusini kidogo mwa Watamu. Ukichanganya maji, fungu (mchanga na matope yanayofunuka maji yakipwa) na mikoko, ni kama kilomita za mraba 32, nayo imo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyotangazwa mwaka 1968. Ukivuka barabara kuu ya Mombasa–Malindi kuelekea bara unakutana na msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba 420 hivi, kipande kikubwa kilichobaki cha msitu uliowahi kufuata pwani hii. Hakuna mto unaomwaga maji Mida. Mvua inayoangukia msitu hunywewa na mchanga, ikapita chini kwa chini na kuchuruzika horini. Ndiyo maana Mida haina rangi ya chai ya maziwa kama Sabaki inapoingia baharini kule Malindi, na ndiyo maana huwa simshauri mtu achague kimoja aache kingine. Ni mahali pamoja.

Sasa maji yenyewe. Pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inayofuata maji huchelewa kama dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita tatu na nusu, wakati mwingine zaidi. Siku za maji mafu, kwenye mwezi nane hadi kumi na mwezi ishirini na mbili hadi ishirini na nne kwa hesabu ya mwezi mwandamo, tofauti hiyo hushuka hadi mita moja na kidogo.

Kinachosaidia sana kwenye mipango, na ambacho wageni wengi hawaambiwi, ni kwamba saa hizi hujirudia. Maji ya bamvua hapa hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukauka karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Maji mafu ni kinyume chake: hujaa kuelekea saa nne na kupwa kuelekea saa kumi. Hizo siku za katikati utazipata kwa kuongeza zile dakika 50 kwa kila siku.

Kwa hiyo swali la kwanza ukifika Dabaso au Uyombo, vijiji vya kando ya hori, lisiwe bei ya kayaki. Liwe hili, kwa mvuvi mtu mzima: "Shikamoo mzee. Leo mwezi ngapi?" Atakujibu bila kutazama simu. Akisema mwezi pili, au mwezi kumi na sita, basi asubuhi ni ya msitu na alasiri ni ya maji. Akisema mwezi tisa, geuza: kayaki asubuhi, msitu kuanzia saa tisa alasiri. Majedwali ya simu ni mazuri, lakini mengi yamepigwa kwa bandari ya Mombasa au kwa bahari ya wazi. Mlango wa Mida ni mwembamba, na maji huchelewa kufika ndani kabisa. Mzee anakupa saa ya pale unaposimama.

Jambo la pili ni mwendo wa maji kati ya kupwa na kujaa, kwa maana hayapandi sawasawa. Tofauti yote igawe mafungu kumi na mawili. Saa ya kwanza maji hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Kwa bamvua la mita 3.6, saa ya kwanza ni sentimita 30 tu, lakini saa ya tatu na ya nne ni sentimita 90 kila moja. Kupwa ni vivyo hivyo. Mtu anakaa kwenye kijito cha mikoko saa nzima baada ya maji kujaa, anaona yamepungua kiganja tu, anajipa moyo. Saa mbili baadaye kijito hakipo.

Na hapa ndipo hesabu inapouma. Ukikwama wakati maji yanajaa, kaa utulie, baada ya dakika chache utaelea. Ukikwama yakipwa, maji lazima yashuke mpaka mwisho ndipo yarudi mpaka kiwango kile kile. Ukikwama saa tatu baada ya kujaa, utasubiri saa sita hivi. Ukikwama saa moja tu baada ya kujaa, unasubiri saa kumi, kwa sababu umekwama juu, mahali ambapo maji ndiyo ya kwanza kuondoka na ya mwisho kurudi. Weka saa halisi: maji yamejaa saa kumi alasiri, umekwama saa kumi na moja ukitazama kaa, kayaki yako itaelea tena saa tisa usiku. Na kama bamvua linaanza kufifia, maji yajayo huenda yasifike ulipo.

Basi ingia majini saa mbili hivi kabla ya kujaa. Mkondo utakusukuma kuelekea ndani, nawe uutumie kuingia kwenye vijito, maana kila kosa la njia wakati huo linasahihishwa na maji yenyewe. Dalili kwamba yamefika mwisho ni rahisi kuona: povu na majani makavu yanasimama juu ya maji, hayaendi popote, na alama ya matope kwenye mizizi ya mikoko imefunikwa. Hapo geuza omo, yaani mbele ya kayaki. Nusu saa baada ya hapo uwe umeshatoka kwenye vijito vyote na uko kwenye mkondo mkubwa; saa moja na nusu baada ya kujaa uwe umepandisha kayaki ufukweni.

Mlango wa hori, pale inapokutana na bahari, usiukaribie maji yakipwa siku za bamvua. Maji yote ya hori yanatoka kwenye nafasi ile moja, na mpiga kafi wa kawaida, anayekwenda kilomita nne kwa saa akiwa hajachoka, hawezi kushindana nayo. Upepo wa kutoka baharini ukipambana na mkondo huo, mawimbi husimama mafupi na makali, na kayaki ya kukodi haikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Mikoko yenyewe inakuonyesha kina kama unaijua. Anayesimama mbele kabisa, miguu ndani ya maji, ni mlilana. Nyuma yake mkoko, wenye mizizi inayojipinda kutoka shinani kama miguu ya buibui. Kati ya mizizi hiyo vijito bado vina maji ya kutosha. Ukianza kuona muia na mkandaa, umepanda juu. Ukifika kwenye mchu, na vijiti vya mizizi vimechomoza kutoka ardhini kama misumari, huko ni maji ya dakika chache tu. Wengi wanaokwama wamefuata kijito hadi kwenye mkandaa kwa kuwa kivuli ni kizuri na maji yametulia. Yametulia kwa sababu yamefika mwisho.

Kayaki za kukodi nyingi ni zile za kukalia juu, za plastiki. Kabla ya kuisukuma majini, tazama vitu vitatu. Kizibo cha nyuma, kile cha kutolea maji: kikikosekana au kikilegea, kayaki hujaa polepole, nawe utadhani umechoka kumbe unavuta lita za maji tumboni mwake. Itikise ukiwa nchi kavu. Ukisikia maji ndani, toa yote kwanza. Pili, mahali pa kukanyagia miguu, pawe mahali ambapo magoti yanakunjika kidogo. Mguu ulionyooka kabisa huumiza kiuno kabla saa haijapita. Tatu, mpini wa kafi pale unapounganishwa: kama unazunguka mkononi, omba lingine.

Kafi lishike hivi: liweke juu ya kichwa, viwiko vikunjwe pembe mraba, hapo ndipo mikono inapokaa. Ubapa wake mara nyingi una ukingo mrefu na mfupi. Ule mrefu uwe juu. Lichovye karibu na vidole vya miguu, livute hadi usawa wa nyonga, litoe. Likipita nyonga linainua maji tu na kupindisha omo. Nguvu itoke kwenye kiwiliwili, mabega yakizunguka. Mtu anayevuta kwa mikono mitupu utamjua baada ya nusu saa, anaanza kuegemea nyuma na kayaki inayumba kulia na kushoto.

Ndani ya vijito kafi la sentimita 220 ni refu mno. Linanasa kwenye mizizi, na likinasa mwili unaendelea mbele, hivyo ndivyo watu wanavyopinduka. Lishike wima, upande mmoja tu, kama kafi la mtumbwi, au kama linatenguka katikati, tumia nusu. Usishike mizizi kwa mikono kujivuta. Imejaa chaza, na makali yake hukata kama wembe. Jeraha la chaza ndani ya matope lisiposafishwa vizuri kwa maji safi na sabuni huvimba siku ya pili.

Ukipinduka, usisimame. Matope ya Mida mahali pengine hufika gotini, pengine hupita, na miguu ikizama yote miwili kuitoa ni kazi. Vaa jaketi la kuelea na ulifunge kweli kweli, si kuliweka nyuma ya kiti. Elea ubavuni mwa kayaki, igeuze, lala kifudifudi ukiwa umeishika pande zote mbili, piga miguu mpaka kifua kipande juu, kisha geuka ukae. Fanya zoezi hili mara mbili mahali penye mchanga na maji ya kifuani kabla hujaondoka. Kama umekwama matopeni na lazima utoke, lala juu ya kayaki na uisukume kwa mguu mmoja, mwili ukiwa umeenea. Anayesimama anazama, anayelala anateleza.

Penye mchanga ukishuka, buruta miguu, usiinyanyue na kukanyaga. Samaki aitwaye taa hujizika mchangani, na akisikia mtikisiko huondoka mwenyewe, akikanyagwa huchoma. Akikuchoma, tia mguu kwenye maji ya moto kadiri ngozi inavyostahimili bila kuungua, maumivu hupungua, kisha nenda hospitali. Viatu vya kufunika mguu mzima ni lazima. Ndala hubaki matopeni, zote mbili, mara ya kwanza tu.

Maji ya kunywa, lita mbili kwa kila mtu. Kofia yenye kamba, nguo ya mikono mirefu, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mfuko huo ufungwe kwenye kayaki. Jioni usubi hutoka kwenye mikoko, na pwani hii ina malaria, kwa hiyo dawa ya kupaka usiiache chumbani.

Kuhusu ndege kuna mgongano ambao ni vizuri kuujua. Mwenye kayaki anataka maji mengi, mwenye darubini anataka maji ya katikati. Maji yakijaa, ndege wa fungu hukosa mahali pa kula na hukusanyika kwenye vipande vichache vilivyobaki vikavu na juu ya mikoko, wamepumzika. Ukiwakaribia kwa kayaki wanaruka wote, wanapoteza nguvu walizohifadhi, na baadhi yao wana safari ya maelfu ya kilomita mbele yao. Kaa mita mia mbali. Ukitaka kuwaona vizuri, nenda kwa miguu kwenye daraja la mbao linalopita juu ya mikoko upande wa Mida, maji yakiwa yanashuka, nusu. Kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Aprili utakuta pale ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na domo jeusi nene la kuvunjia kaa. Mtazame mmoja tu kwa dakika kumi. Anatembea hatua tatu, anasimama kama amesahau jambo, anakimbia ghafla na kumpata kaa. Mdogo anamezwa mzima, mkubwa hupigwapigwa kwanza mpaka magando yatoke.

Miezi mizuri kwa yote mawili ni Oktoba hadi Machi. Vuli ya Novemba hulowesha lakini haizuii. Masika, Aprili na Mei, njia za msituni hugeuka madimbwi. Juni hadi Agosti kusi linavuma, na ingawa ndani ya vijito ni shwari, sehemu ya wazi ya hori huchafuka alasiri. Wakati huo maji mafu ya asubuhi ndiyo chaguo langu.

Msitu unaingilika kutoka kituo cha Gede, kando ya barabara kuu, mwendo mfupi kusini mwa njia panda ya kwenda Watamu. Matatu zote za Mombasa–Malindi zinapita hapo. Malipo ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hufanywa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa hiyo maliza hayo kabla, mtandao ukiwa mzuri. Chukua mwongozaji wa msitu. Simwambii mtu hivi kwa adabu tu: ndani mna ndovu, vichaka ni vizito kiasi kwamba ndovu aliye hatua ishirini haonekani, na mwongozaji anajua kusoma kinyesi cha saa moja na cha jana. Kikiwa kibichi na kina joto, mnarudi mlikotoka, hakuna mjadala.

Udongo ndio unaopanga miti. Upande wa mashariki, mchanga wa kijivu una msitu mchanganyiko, wenye mbambakofi na msandarusi. Katikati kuna ukanda wa mchanga mweupe usio na rutuba, na huko mrihi umetawala, miti imeachana, jua linafika chini. Magharibi ni udongo mwekundu, msitu mfupi uliosongamana, ambako anaishi bundi wa Sokoke, mdogo kama sentimita 16 tu. Mchana hulala kwenye matawi ya chini, na bila mwongozaji utapita chini yake bila kumjua. Kwenye mrihi inua macho: ndege aitwaye kwera wa Kilifi huja kwa makundi juu ya vilele, na duniani kote hapatikani nje ya kaunti hii.

Mnyama wa kutafuta, lakini, yuko chini. Sange mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, karibu nusu kilo, pua ndefu inayochezacheza. Arabuko-Sokoke ndiyo ngome yake kuu. Humpati kwa kutembea. Ingia msitu mchanganyiko saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simama mahali njia mbili zinapokutana, nyamaza robo saa. Sikiliza majani makavu. Ndege akichakura, sauti ni ya mfululizo. Sange hufukua kwa pua na miguu ya mbele, anasita, anafukua, anasita. Ukisikia mapigo ya haraka ya mkia juu ya majani, amekuona na hajaamua. Usisogeze hata mkono. Akiamua, utaona mruko mmoja, doa la dhahabu, na kelele kubwa kuliko mwili wake. Kufika saa tatu asubuhi joto limepanda na yeye huwa ametulia.

Njia ni za mchanga, kwa hiyo hesabu kilomita tatu kwa saa, na ukitazama ndege hesabu moja. Suruali ndefu, soksi juu ya suruali kwa ajili ya kupe na siafu. Kandokando ya njia angalia upupu unapokauka. Ukikugusa usikune, bandika utepe wa gundi na kuubandua ili utoe zile nywele, ndipo unawe kwa sabuni. Upepo haufiki ndani, lita mbili nyingine za maji.

Ukitoka majini jioni ya bamvua, usiiache kayaki pale ulipoishukia hata kama maji yanaonekana yanakimbia. Ipandishe hadi juu ya mstari wa majani makavu yaliyoachwa na maji ya jana, kisha panda hatua tano zaidi, kwani maji ya alfajiri yanaweza kuzidi ya alasiri. Fungua kizibo, inue omo, acha imwage yote, ioshe chumvi, kisha ifunge kwa kamba kwenye shina, si kwenye mzizi.